Mashine ya Mwisho ya Bi Kengele

Fundi Timazi alikwenda kununua mashine tu. Hivyo ndivyo alivyomwapia bintiye, na hivyo ndivyo alivyoendelea kuapa hata pale ambapo hakuna aliyemuuliza. Lakini mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, na siku ile mzee wa watu alikohoa mpaka waliokuwa mlangoni wakasikia.

Aliyekuwa mlangoni ni huyo huyo bintiye. Alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi, na kwa kuwa alizoea kusimamia foleni za asubuhi, alisimama pale na mkoba kwapani kama anayesubiri watoto wanyamaze.

"Baba, tulikubaliana tunakuja kuangalia," alisema. "Kuangalia, si kununua."

"Naangalia, mwanangu. Huoni macho yangu?"

Macho yake aliyaona vizuri sana. Hayakuwa kwenye mashine.

Yalikuwa kwa Bi Kengele, mwenye ukumbi. Mama wa makamo, mnene wa wastani, miwani inaning'inia kifuani kwa uzi, spana imechomoza mfukoni mwa aproni. Sauti yake ilikuwa na mkwaruzo kidogo, kwa sababu miaka mingi alikuwa akizungumza juu ya kelele za mashine za michezo, na kengele za mashine hizo ndizo zilizompa jina. Sasa ukumbi ulikuwa kimya. Mashine zilikuwa zimeondoka, zikaacha alama za miguu ya chuma sakafuni. Yalibaki masanduku yaliyofungwa kamba, na kitu kimoja kirefu chini ya shuka.

Bi Kengele aliivuta shuka taratibu, na pinboli ikaonekana. Ilikuwa meza ndefu ya mbao juu ya miguu minne, imefunikwa kioo, na chini ya kioo kulikuwa na taa, kengele na vijia vilivyopindapinda. Unavuta springi, gololi ya chuma inafyatuka hadi juu kabisa, inagonga huku na kule ikiteremka, na wewe unabonyeza vitufe ubavuni ili vikono viwili vidogo viipige irudi juu kabla haijatumbukia shimoni. Mchezo wote ni huo. Fundi Timazi aliwahi kupiga lipu ukuta wa ukumbi kama huu alipokuwa kijana, akashinda kutwa nzima anasikiliza kengele za upande wa pili, na msimamizi hakumruhusu hata kuchungulia. Alijiambia, nikistaafu na mimi nitacheza. Basi amestaafu. Kuna ubaya gani?

"Ndiyo hii," alisema Bi Kengele. "Ya mwisho. Wenzake wote wameshapata wenyewe."

"Na wewe je?" Maneno yalimtoka fundi kabla hajayapima. Akakohoa. "Maana yangu, na wewe sasa utafanya nini?"

"Nahamia kwa mwanangu na mkewe, mji mwingine. Anakuja Jumamosi na gari la mizigo. Anasema mama mtu mzima haishi peke yake akiongea na mashine."

"Na wewe unataka kwenda?"

Bi Kengele alivaa miwani, akamtazama vizuri kwa mara ya kwanza. "Hilo si lako kuniuliza, fundi," alisema, lakini hakusema kwa ubaya. "Haya, njoo tucheze."

"Mimi nataka kununua."

"Na mimi siuzi kwa mtu nisiyeujua mkono wake. Kuna watu wanapiga vitufe kama wanamfukuza mwizi. Hao nawarudisha nyumbani na fedha zao. Simama hapa."

Akasimama. Hebu mfikirie mtu aliyejenga maghorofa, aliyetembea juu ya ubao mwembamba huko angani bila kushika kitu, leo anapangusa viganja kwenye suruali mbele ya meza ya kuchezea. Alivuta springi. Gololi ikapaa, kengele zikalia, na fundi akaanza kubonyeza kulia na kushoto bila mpango, mabega juu, ulimi nje.

"Taratibu, hapa huvunji tofali," alisema Bi Kengele, akasogea. Akaweka vidole vyake juu ya vidole vya fundi, pale kwenye kitufe. "Usiikimbilie. Iache ije. Bado... bado... sasa!"

Kikono kikaruka, gololi ikapanda hadi juu kabisa na taa zote zikawaka. Fundi hakuziona. Alikuwa anatazama ule mkono juu ya wake, wenye kovu dogo la moto wa kuchomelea na kucha zilizokatwa fupi. Tangu amzike mke wake hakuna mkono wa mwanamke uliomgusa ila wa bintiye na wa muuguzi. Moyo ulimdunda kwa namna aliyodhani imeshaisha. Kumbe ng'ombe hazeeki maini.

Gololi ikatumbukia shimoni.

"Imekufa hiyo," alisema Bi Kengele. "Ulikuwa unaangalia wapi?"

"Nilikuwa naangalia taa."

"Taa ziko chini ya kioo, fundi." Akaondoa mkono, lakini hakuuondoa upesi. "Haya. Nitakuuzia. Mkono wako mzito ila unasikia. Nikueleze namna ya kuisimamisha ukifika nyumbani?"

"Bibie!" Fundi Timazi alivuta kifua mbele. "Mimi nimesimamisha majengo ambayo ukiyatazama kofia inaanguka. Nishindwe na meza?"

Mlangoni mwalimu alifumba macho kama mtu aliyeumwa na jino.

Ndani ya gari bintiye alishindwa kuvumilia.

"Baba, kweli ulikwenda pale kununua mashine, au ulikwenda kununua..."

"Malizia."

"Simalizii. Nina adabu."

"Basi endesha."

"Na utaiweka wapi?"

"Chumba cha uani."

Mwalimu alipunguza mwendo. "Chumba cha mama?"

"Chumba cha uani, mwanangu. Mashine ya kushonea mlishaichukua ninyi wenyewe. Kimebaki kitupu."

"Hakijabaki kitupu," alisema bintiye, akabadilisha gia.

Wapagazi walileta pinboli siku mbili baadaye, wakaitua chumba cha uani chini ya dirisha, wakaondoka. Sasa hapo ndipo mambo yalipoharibika, na aliyeyaharibu ni ufundi.

Fundi Timazi alikuwa na jina lake kwa sababu moja. Katika maisha yake ya kazi hakuwahi kuacha ukuta ulioinama wala sakafu iliyoteremka. Alikuwa na timazi yake ya shaba, ile bildi ya kuning'iniza kwa uzi kupimia wima wa ukuta, na alikuwa na pima maji ya mbao iliyong'aa kwa kushikwashikwa, ile yenye kichupa cha maji na povu dogo ndani. Povu likikaa katikati, kitu kiko sawa. Lisipokaa katikati, unabomoa. Alipoiweka ile pima maji juu ya kioo cha pinboli, povu lilikimbilia upande wa nyuma likaganda huko.

"Lahaula!" alisema. "Nani huyu aliyefunga miguu ovyo hivi?"

Miguu ya nyuma ilikuwa mirefu kuliko ya mbele. Alimhurumia Bi Kengele wa watu, miaka yote hiyo amefanya kazi na mashine iliyopinda na hakuna aliyemsaidia. Akatwaa spana, akazikaza bolti za miguu ya nyuma mpaka ikashuka mwisho wake. Bado. Akachonga kabari za mbao, akazisukuma chini ya miguu ya mbele, akapima, akachonga tena. Alitokwa jasho. Alifanya kazi ile kwa mapenzi, maana alijiona kama anamtengenezea yule mama kitu ambacho yeye mwenyewe alishindwa kukiona. Mwishowe povu likatulia katikati kabisa. Akairudisha pima maji kwenye sanduku lake na kujipongeza.

Ijumaa mchana bintiye alikuja. Fundi alimvuta hadi chumba cha uani. "Njoo uone. Utaacha kununa."

Akavuta springi. Gololi ikapaa, ikagonga kengele moja, ikagonga ya pili, ikazungukazunguka pale juu kama mtu aliyesahau alichofuata sokoni. Kisha ikasimama. Ilisimama katikati ya meza, mbali na vikono, ikatulia hapo.

Fundi alibonyeza vitufe. Vikono vikapiga hewa. Akagonga kioo. Akatikisa. Gololi ikasogea kidogo, ikasimama tena.

"Mbona haishuki?" aliuliza bintiye.

"Itashuka."

Walisubiri. Haikushuka.

"Baba, umeuziwa mbuzi kwenye gunia."

"Usimseme mtu vibaya."

"Simsemi, naona. Kule kwake ilicheza, hapa haichezi. Na kesho anahama! Umeona hesabu yake? Leo ndiyo siku ya mwisho ya kumpata." Simu ilikuwa tayari sikioni. "Hujambo... shikamoo mama. Ndiyo, binti wa fundi. Ile mashine yako ni mbovu. Naomba uje leo, tafadhali, kabla hujaondoka."

Fundi alikaa kwenye kigoda. Mashine haikumuuma. Mashine angeifungua, angeisoma, angejua ugonjwa wake hata kwa mwaka mzima. Kilichomuuma ni kwamba siku zile zote, alipokuwa akinawa uso asubuhi, alikuwa akiwaza namna ya kumwambia Bi Kengele asiondoke. Alishaanza kuchagua maneno. Na kama yule mama ni tapeli, basi ule mkono juu ya mkono wake nao ulikuwa biashara.

Bi Kengele alifika akihema, kilemba kimekaa upande, mfuko wa vifaa begani. Alimsalimu mwalimu, akampita, akaenda moja kwa moja kwenye mashine kama daktari aliyeitwa na dharura. Fundi alisimama, hakujua aweke wapi mikono.

"Inafanya nini?"

"Gololi inasimama njiani," alisema fundi, akiangalia sakafu.

"Haijawahi." Bi Kengele akavuta springi, akaiona gololi ikipanda, ikizubaa, ikisimama. Akakunja uso. Akainama, akaweka jicho usawa wa kioo. Kisha akainama zaidi, akaziona kabari.

Alibaki huko chini kwa muda. Mabega yakaanza kumtikisika. Mwalimu alidhani analia, akasogea kumshika. Kumbe anacheka! Alicheka mpaka akakaa sakafuni, miwani ikamdondoka, akapiga kigae kwa kiganja.

"Fundi! Fundi wewe! Umeipima kwa pima maji?"

"Ilikuwa imepinda," alisema fundi. "Nikainyoosha."

"Umeinyoosha!" Akafuta machozi kwa pindo la kilemba. "Tangu niifahamu kazi hii nimekuta soda ndani ya mashine, nimekuta mjusi, nimekuta pete ya uchumba. Sijapata kukutana na mtu aliyeinyoosha. Fundi, hii lazima iinamie kwako. Nyuma juu, mbele chini. La sivyo gololi itarudije?"

Fundi Timazi aliangalia miguu ya nyuma, akaangalia ya mbele. Ufundi wa maisha yake yote ulimpandia usoni kwa aibu.

"Nilisema nikueleze," aliendelea Bi Kengele, "ukanitolea habari za maghorofa."

"Kuuliza si ujinga," alisema mwalimu, na kwa mara ya kwanza tangu afike mdomo wake ulitaka kutabasamu. Akaukataza.

"Basi nicheke na mimi," alisema fundi, na akacheka. Kilianza kicheko kidogo cha aibu, kikakua, mpaka akashika ukuta. Wawili hao walicheka pamoja, mmoja sakafuni na mwingine ukutani, kila wakitazamana wanaanza upya. Mwalimu alisimama akawatazama. Kicheko kile cha baba yake alikuwa amekisahau. Mara ya mwisho kukisikia, mama yake alikuwa hai.

Wakaitengeneza pamoja. Fundi aliinua, Bi Kengele akang'oa kabari na kulegeza bolti. Hawakuhitaji kuambizana sana. Mmoja akisema "kidogo", mwenzake anajua ni kidogo gani. Gololi ilipofyatuliwa safari hii ilishuka yenyewe hadi kwenye kikono, kengele zikalia chumba kizima.

"Nikuulize," alisema Bi Kengele akijifuta mikono, macho kwenye kitambaa. "Kweli hukujua, au ulifanya makusudi ili nije?"

"Sikujua. Wallahi, ningejua ingekuleta ningeinyoosha siku ile ile ilipofika."

Bi Kengele aliacha kujifuta. Mwalimu akakohoa.

"Mama, samahani. Mimi ni mtu wa kusema. Una nia gani na baba yangu?"

"Mimi, mwanangu?" Alikunja kile kitambaa vizuri, kona kwa kona. "Mimi naondoka kesho. Mwenye safari hana nia."

"Usiondoke," alisema Fundi Timazi.

Maneno yote aliyoyachagua asubuhi zile yalimkimbia, likabaki hilo moja. Bi Kengele aligeuka polepole.

"Nibaki kwa nani, fundi?"

"Kwangu."

"Baba!"

"Ngoja, mwanangu. Wiki nzima nimekusikiliza, leo nisikilize mimi." Hakupandisha sauti. "Unakuja kila Jumapili. Unaosha vyombo, unaniuliza kama nimekula, nakujibu nimekula. Ukifunga mlango nakaa hapo sebuleni nasikiliza friji inavyonguruma. Ikizima, nasubiri iwake tena. Nina upweke, mwanangu. Ndiyo hiyo habari yangu."

Mwalimu alitua mkoba wake sakafuni. "Mbona hukuwahi kuniambia?"

"Ningekuambia ungehamia hapa na godoro lako. Una mume, una shule. Sikutaka."

"Na mama je?" Sasa machozi yalikuwa yanamtoka waziwazi, mwalimu mkuu mzima. "Alikuwa anakaa hapo hapo ulipoweka hiyo mashine. Hapo dirishani. Nikiingia humu bado namuona."

"Na mimi namuona. Nilimpenda mpaka nikamzika, na sijaacha. Huyu hakuja kukaa kwenye kiti chake. Kama atakubali, atakuja na chake."

Bi Kengele alikuwa amesogea hadi mlangoni, kama mtu anayewaachia wenyewe nyumba yao. "Fundi," alisema, na ule mkwaruzo wa sauti ulizidi. "Tangu nitangaze kuhama, watu wote wananiambia safari njema. Majirani, wateja, wote. Hakuna hata mmoja aliyeniambia baki. Nilishaanza kuamini kwamba kwenda ndiyo haki yangu."

"Mimi nakuambia baki."

"Nimesikia. Na sijui nifanye nini na miguu yangu."

"Kaa," alisema mwalimu, akajifuta uso kwa kiganja na kusukuma kigoda. Haikuwa karibu ya moja kwa moja, lakini kigoda kilikuwa kigoda. Bi Kengele akakaa. Akatoa simu mfukoni mwa aproni, akaishika muda mrefu.

"Mwanangu atasema nimerogwa," alisema, akapiga. "Haloo, baba. Hapana, siumwi. Hapana, masanduku yapo salama. Sikiliza, habari ya kesho... Kuna mtu hapa anasema nibaki." Akasikiliza. Akaondoa simu sikioni, akamnyooshea Fundi Timazi. "Anataka kujua ni mtu gani."

Fundi aliipokea kwa mikono miwili. Amezungumza na wakandarasi wakali, amezungumza na wenye majengo wanaogombea kila tofali, lakini sauti ya kijana ilipomuuliza, "Wewe ni nani?", alishikwa na kigugumizi.

"Mimi... mimi ni fundi."

"Fundi wa nini? Mama anafanya nini huko?"

Fundi alimtazama Bi Kengele pale kwenye kigoda, mikono yake imefungwa mapajani, macho yamemkazia kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali. Alijua kwamba neno lolote atakalosema vibaya sasa hivi litamweka yule mama kwenye gari kesho asubuhi. Na kwa kulijua hilo, neno lenyewe halikuja kabisa.

"Haloo?" ilisema simu. "Haloo! Mpe mama simu."

Mkono ukaja kutoka ubavuni, ukaichukua. Ulikuwa wa bintiye.

"Habari za mchana, kaka," alisema mwalimu, kwa ile sauti yake ya kwenye mkutano wa wazazi, ingawa pua ilikuwa bado imeziba kwa machozi. "Mimi ni binti wa huyo mzee. Mama yako yuko salama, yupo hapa mbele yangu, amekaa. Ndiyo. Ndiyo, nakuelewa. Mimi mwenyewe nilikuwa napinga, kaka yangu, tena kwa maneno makali, mpaka sasa hivi tu. Baba yangu ni mkaidi na haulizi njia hata akipotea. Lakini ni mtu safi, na amecheka na mama yako, na mama yako amecheka naye, na mimi nimesimama hapa nimesikia." Alinyamaza kusikiliza. Akamtazama baba yake, kisha yule mama kwenye kigoda, akavuta pumzi. "Hapana, usiahirishe. Njoo kesho kama ulivyopanga. Ila gari la mizigo liache huko huko. Njoo na mkeo, tuzungumze tarehe ya ndoa."